Kwenye Picha Alikuwa Mzima

Daktari alipekua picha za mwanangu kwenye simu ya mke wangu, moja baada ya nyingine, kisha akanigeukia na swali ambalo hadi leo linanikata maini.

"Huyu ni mtoto huyu huyu?"

Nikacheka. Kweli, nilicheka. Binti yangu alikuwa amenikalia mapajani, analamba pipi aliyopewa na nesi. Kwenye simu alikuwa yeye yule yule, mashavu yale yale, vibanio vya nywele vile vile.

"Ni yeye daktari. Kwani kuna mwingine?"

Mke wangu hakucheka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo mnielewe.

Mke wangu ni maarufu. Mimi fundi friji, najulikana na wenye friji mbovu tu. Yeye alifungua ukurasa siku ile ile mtoto alipozaliwa, kabla hata hajanyonya vizuri. Nyumbani tulimwita Kidosho, na mtandaoni watu nao wakamwita Kidosho.

Kidosho akiota jino, picha. Kidosho akijichafua, picha. Kidosho akilia kwa homa, picha, na chini yake: "Jamani niombeeni mwanangu."

Watu walimpenda balaa. Kampuni moja ya nguo za watoto ikaanza kumletea magauni ya bure. Chumba cha mtoto kikageuzwa studio, ukuta ukapakwa rangi ya waridi upande mmoja tu, ule unaotokea kwenye picha. Kuta nyingine zina ukungu hadi leo.

Na mimi? Nilitoka asubuhi mtoto kalala, nikarudi mtoto kalala. Nilimwona mwanangu kwenye simu, kama nyinyi mlivyomwona. Nachuchumaa nyuma ya friji ya watu, nafungua ukurasa, nagonga laiki, naendelea na kazi.

Mafundi wenzangu wakisema, "Bwana wee, mwanao ana macho huyo!" navimba kichwa.

Siku moja mwalimu wa chekechea akanipigia mimi, maana simu ya mama ilikuwa haipokelewi.

"Baba Kidosho, njoo mara moja."

Nilifika mbio. Mwalimu akamwita Kidosho, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Unamwona nani?"

"Baba!" Akacheka hadi meno yote nje.

Akahamisha kiganja, akamziba jicho la kulia.

Kidosho akaacha kucheka. Akanyoosha mikono mbele, akawa anapapasa hewa.

"Mwalimu, nani kazima taa?"

Jua lilikuwa linawaka, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Ndivyo tulivyofika kwa daktari wa macho. Alimpima, akammulika, akatoka, akarudi na daktari mwingine, wakammulika tena. Yule wa pili alipoondoka, wa kwanza akavuta kiti.

"Jicho la kushoto lina uvimbe ndani. Ni saratani, na haikuanza jana. Mara nyingi wazazi huiona kwenye picha. Ukipiga kwa flashi, lile jicho hung'aa jeupe. Hamkuwahi kuona?"

"Daktari, huyu ana picha nyingi kuliko rais," nikamwambia. "Hatujaona kitu. Mama Kidosho, hebu mpe simu ajionee."

Mke wangu aliikumbatia ile simu.

"Imeisha chaji."

Nikaichukua mwenyewe. Chaji ilikuwa imejaa.

Daktari akaangalia picha za mwaka mzima. Macho meusi, yanameremeta. Hapo ndipo aliponiuliza lile swali. Kisha akaivuta picha moja, akaikuza mpaka uso wa mwanangu ukajaa kioo.

"Tazama kope hii ya jicho la kulia, imepinda. Sasa tazama la kushoto. Imepinda vile vile, mahali pale pale. Baba, hili si jicho la kushoto. Ni la kulia, limegeuzwa likabandikwa."

Nikamtazama mke wangu. Anaangalia sakafu.

"Mama," daktari akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko tusi, "kwa nini ulilibadilisha?"

"Lilikuwa linaharibu picha."

Hivyo tu. Lilikuwa linaharibu picha.

Mengine aliyatoa kwa kwikwi. Watu wa magauni walilalamika kwamba jicho moja linawaka kama la paka, wakataka alirekebishe. Yeye akadhani ni ubovu wa simu. Akajifunza kulibadilisha, akawa fundi kweli kweli.

"Hakuna mtu aliyekutahadharisha?" daktari akauliza.

Alikuwepo. Mama mmoja tusiyemjua aliandika chini ya picha: "Dada, mpeleke mtoto hospitali. Jicho la kushoto lina weupe, na wangu alianza hivyo hivyo."

Mashabiki walimshukia yule mama wa watu. Mchawi. Hasidi. Umekosa wako unamtakia mabaya wa mwenzio. Mke wangu akamfungia asiuone ukurasa tena, kisha akaandika kwa herufi kubwa: "MWANANGU HALOGEKI." Maneno yale yalipata laiki nyingi kuliko picha yoyote.

Moja ilikuwa yangu.

"Mngekuja wakati ule, huenda tungeliokoa jicho," daktari akasema. "Sasa tunamwokoa mtoto."

Wakaliondoa.

Niliyomwambia mke wangu siku ile siyaandiki hapa, kuna watoto wanasoma. Alilia, akapiga magoti, akaapa kwamba anaufuta ukurasa. Nikamwamini. Mpumbavu mimi.

Haukupita muda mrefu. Nilikuwa kwa mteja, friji nimeifungua mgongo, mama mwenye nyumba akaja ananikodolea.

"Fundi, si wewe baba yake Kidosho? Hongera jamani! Mtoto kapona kabisa!"

Akanionyesha simu yake. Kidosho, gauni jipya, ukuta wa waridi. Plasta ya jichoni haipo. Macho mawili yanameremeta, kope imepinda huku na huku. Chini yake: "Tumeshinda vita. Asanteni kwa maombi."

Niliiacha friji ya watu wazi.

Nyumbani nikawakuta kazini. Kidosho kasimamishwa ukutani, plasta usoni. Mama yake kainua simu.

"Cheka kidogo tu mama, cheka."

Nilikuwa nakwenda kuipasua ile simu. Wallahi nilikuwa nakwenda. Lakini Kidosho alinitangulia. Aliikimbilia, akainyooshea mkono.

"Mama, nipe jicho langu."

"Jicho gani, mwanangu?"

"Lile la kwangu. Uliliweka humo kwenye simu, nimeliona. Litoe, unirudishie."

Mke wangu akakaa chini pale pale, simu ikamponyoka. Kidosho akaiokota. Akawa anakigonga kioo kwa ukucha, taratibu, analibembeleza lile jicho litoke.

"Njoo," anasema. "Njoo, mimi si mkali."

Sasa mimi na Kidosho tunaishi kwa shangazi yake. Madaktari wanasema anaendelea vizuri, na nawashukuru. Ila akiona simu ya mtu yeyote, hata ya mgeni, anaomba kuangalia kama jicho lake limo.

Wewe unayesoma, mwanao akiwa mbele yako mtazame yeye. Weka simu chini, mgeuze kwenye mwanga, mtazame jicho moja, kisha la pili. Na mtu usiyemjua akiandika neno usilolipenda chini ya picha ya mtoto, lisome mara mbili kabla hujamfukuza. Yule mama namtafuta hadi leo nimwombe radhi, simpati, maana tulimfungia.

Na wewe uliyeanza kuandika hapo chini "weka picha tuamini", rudi juu usome tena.