Alama Nyekundu Chini ya Pikapu

Miaka ishirini na minne mume wangu aliendesha pikapu moja ya kijivu, yenye mlango unaofungwa kwa waya. Alibeba mayai, vioo vya madirisha, mitungi ya gesi, na mara moja mama aliyeshikwa na uchungu, na hakuna kilichovunjika. Watu walimwita Mizani. Baadaye wakamwita Bomoa. Jina hilo la pili alikaa nalo miaka kumi na moja barazani, pikapu iko uani juu ya matofali, kuku wangu wanataga kwenye kiti cha abiria.

Siku iliyombadilisha jina alikuwa amebeba vitanda vya chuma vya zahanati. Alikata kona ya kulia ya kuingilia pale, kona aliyoikata mpaka mikono ikaijua yenyewe, akaenda kuupiga ukuta. Goti liliumia, halikurudi kama zamani. Alisema neno moja tu, kwamba usukani uligoma. Mafundi wakakagua breki, wakakagua vyuma vya magurudumu, wakaisukuma mbele na nyuma ikaenda mstari. Wakasema mzee alisinzia. Na mimi nikasema, tena mbele za watu, kwamba macho yake yamechoka, kiburi ndicho hakijachoka. Alitundika ufunguo kwenye msumari juu ya mlango, na miaka ilivyokwenda naye akaanza kusema labda ni kweli, labda alisinzia. Ukuta ulizibwa kwa saruji ya rangi nyingine. Kwa aibu ya baka hilo hakwenda hata kutibiwa pale zahanati. Goti likivimba, alijikanda kwa maji moto.

Mwaka huu shemeji yangu, mdogo wake, alistaafu gereji akaja kuifufua. Aliniambia kuku wahame. Nikamwambia kuku wangu wana adabu kuliko yeye, wao wakila huacha kitu. Siku ya tano injini ikakohoa, ikashika. Akaizungusha uani mara mbili, akashuka anakuna kidevu.

"Shemeji," akasema, "kushoto inageuka kama ndama. Kulia inageuka kama wewe ukiambiwa umekosea."

Nilicheka. Mume wangu, pale barazani, hakucheka. Aliinua kichwa.

Shemeji hakuwa fundi wa kubahatisha. Aliinyanyua mbele kwa jeki mpaka magurudumu yakaning'inia, akayanyoosha, akafunga kitambaa juu ya usukani, akaniambia nihesabu kitambaa kinapita juu mara ngapi. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, lakini kuhesabu hakuna anayenidanganya. Kushoto usukani ulikwenda karibu mizunguko mitatu. Kulia ulikwenda mmoja na nusu na kipande, ukagota. Turudie, akasema. Tukarudia, ikawa vilevile.

Akachungulia nyuma ya gurudumu. Kuna boliti ya kikomo pale, gurudumu likigeuka mwisho huigusa. Kushoto liliigusa. Kulia halikuifikia, nafasi ilibaki ya kupitisha vidole vitatu. Kwa hiyo kinachozuia si gurudumu, akanieleza, ni boksi la usukani lenyewe limeishiwa njia kabla ya wakati. Boksi lina katikati yake. Magurudumu yakinyooka nalo liwe katikati, ndipo lina njia sawa huku na huku. Hili lilikuwa limehama. Akaingia chini na spana.

Chini ya boksi kuna chuma chenye meno madogo kuizunguka ncha yake, na juu ya meno hayo huvalishwa mkono unaosukuma magurudumu. Ukiuvalisha jino moja pembeni, gari itakwenda mstari, lakini upande mmoja utapunjwa. Shemeji akafuta tope, akaita nimmulikie. Nikapiga magoti. Juu ya ncha palikuwa na doa jekundu, na juu ya mkono doa jekundu, yanatazamana sawasawa.

"Alama zimekaa vizuri, na bado imekosewa jino moja," akasema. "Basi kaka aliweka alama vibaya mwenyewe. Itabidi nimwambie."

Niliyajua yale madoa. Ilikuwa rangi yangu ya kucha.

Asubuhi ya siku ile ya ukuta, mume wangu alifungua mkono ule ili abadilishe mpira unaovujisha mafuta. Kabla ya kuutoa aliniomba kichupa changu, akatia doa huku na doa huku, ili akirudisha asipotee. Kisha akaniachia vyuma nivisafishe. Mimi sijui kusafisha nusu. Niliviosha kwa mafuta ya taa, nikavipiga msasa mpaka vikang'aa kama vijiko vya harusi, na madoa yakaondoka na kutu. Nilipogundua, yeye alikuwa anaita alama iko wapi. Ningesema, "Nimeifuta." Neno moja hilo. Nikachukua kichupa, nikatia madoa mapya palipoonekana sawa kwa macho yangu, nikamwambia hii hapa. Aliniamini. Usukani ulipotokea umekaa upande, aliuchomoa akaunyoosha, kwa haraka ya vitanda. Saa mbili baadaye alikuwa ukutani. Na mimi nikamtukana macho.

Kama ningenyamaza, shemeji angempelekea kosa la pili juu ya lile la kwanza. Sijawahi kumwomba mtu radhi, na marehemu mama yangu alikufa ananidai moja. Lakini nilinyanyuka na magoti yangu yenye tope nikaenda barazani.

"Mzee, hukusinzia," nikasema. "Alama ulizoweka nilizifuta kwa msasa. Zile ulizofuata nilizitia mimi."

Alimfuata kwa macho kuku mmoja aliyepita kati yetu. Kisha akauliza ni meno mangapi. Nikasema moja. Akauliza kama shemeji ameshalirudisha. Nikasema bado.

"Alirudishe," akasema. "Halafu unipeleke nihesabu mwenyewe."

Shemeji alipomaliza, mzee alichechemea mpaka kwenye pikapu, akaushika usukani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kushoto, miwili na robo. Kulia, miwili na robo. Akarudia kulia peke yake mara tatu. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ndogo, "Miaka kumi na moja najiuliza nililala saa ngapi."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Kesho yake alitoa ufunguo kwenye msumari akampa mdogo wake, yeye akakaa kwenye kiti cha kuku. Mimi, na umri wangu, nikapanda nyuma. Tulisimama mbele ya zahanati. Nikashuka, nikawaambia mlinzi na wauza mboga wa pale nilichofanya, kwa kinywa kilekile kilichomsema. Mmoja akasema, "Bibi, hayo tulishasahau."

"Yeye hakusahau," nikamjibu.

Nikapanda tena. Shemeji akarudi nyuma, akaja, akakata kulia. Pikapu ikageuka, ikaingia. Mume wangu aliweka mikono juu ya magoti, akatazama mbele. Mimi ndiye niliyelitazama baka la saruji mpaka likatupita.