Picha Isiyofaa Matanga

Jumatatu nilikuwa kwenye studio ndogo ya picha huko Kangemi, nikingoja kupigwa picha za pasipoti. Mpiga picha alikuwa dada aliyeacha kazi ya ofisi mjini, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kufungua mlango.

Mteja wake wa kwanza alikuwa nyanya mmoja kutoka Kabiria, kitambaa chake cha kichwa kimepigwa pasi.

"Nataka picha ya matanga yangu," alisema kwa utulivu. "Nikiwaachia watoto watatumia ile ya kitambulisho, na pale nimekaa kama mtu ameshikwa na polisi."

Dada aliinua kamera, akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili, akachungulia tena.

"Shosho, sikuoni. Ni giza tu."

"Utanionaje na hujatoa hicho kifuniko?"

Tulicheka sote, dada mwenyewe akitangulia. Nyanya alicheka hadi akashika mbavu. Hapo dada akatoa kifuniko na kubonyeza kabla kicheko hakijaisha.

Picha ilipochapishwa, nyanya aliishika kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii haifai matanga," akasema. "Watu watakuja kulia, waanze kucheka. Hii naenda kuitundika sebuleni. Ile ya matanga nitarudi kupigwa."

"Lini, shosho?"

"Usinipeleke mbio."

Nimeona watu wakianza kazi kwa hotuba na kukata utepe. Huyu alianza kwa kumwahirishia mtu matanga, na sijui mwanzo mzuri kuliko huo.