Wiki Niliyokatazwa Kucheka

Mbwa aliyeniuma alikuwa mdogo kuliko mkoba ninaobebea chakula cha kazini. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi kanisani walisimuliwa habari za mbwa mkubwa, na mimi sikufanya haraka kuwasahihisha. Alikuwa mbwa wa mzee mmoja niliyeajiriwa kumtunza huku ughaibuni, kule Apple Valley. Asubuhi hiyo niliinama kumvalisha mzee soksi, na mbwa alikuwa amelala chini ya kiti chake. Nadhani nilimkatiza ndoto. Alipobanua meno nilikuwa nimepoteza ngozi ya upande wa kushoto wa pua na kipande cha shavu, ukubwa wa kizibo cha soda.

Mzee alilia kuliko mimi. Nilijifunga taulo usoni, nikamvalisha soksi ya pili maana miguu yake hushikwa na baridi upesi, ndipo nikaita gari la wagonjwa.

Hospitalini waliosha kidonda lakini hawakukifunika kwa ngozi siku hiyo. Daktari, mwanamke kijana mwenye vidole vyembamba, alisema mdomo wa mbwa una uchafu mwingi, na kidonda lazima kwanza kiwe safi na kijae nyama mpya. Kwa wiki mbili nilikiosha na kukipaka dawa, na kila siku nilikitazama kwenye kioo cha bafuni kikigeuka kutoka rangi ya majivu hadi wekundu wa nyama iliyotoka buchani. Daktari alipokiona akafurahi, akasema sasa atachukua ngozi nyuma ya sikio langu na kuipandikiza puani.

Siku ya kunieleza waliniletea mkalimani kwa simu. Alikuwa na Kiswahili safi sana, Kiswahili cha taarifa ya habari, na kwa kuwa mimi shule niliiacha darasa la saba, nililazimika kumsikiliza daktari kwa Kiingereza ili nielewe mkalimani anasema nini. Sikumwambia. Alikuwa mtu wa adabu.

Nilichoelewa ni hiki. Ngozi ikishakatwa haina damu yake. Siku mbili za kwanza inaishi kwa kunywa unyevunyevu wa kidonda kilicho chini yake. Baada ya hapo mishipa midogo huanza kuingia ndani yake, na ikiingia, ngozi imeshika. Lakini ikisogea, hata kidogo tu, damu hujikusanya katikati na ngozi hufa. Kwa hiyo wangeweka sponji juu yake na kuishonea hapohapo usoni, ikae siku saba bila kuguswa. Nisiiname. Nisipenge kamasi. Nisitafune vitu vigumu, niseme kidogo tu. Na nesi akaongeza kwamba nisicheke, kwa sababu shavu likipanda linavuta pua.

Nikamwambia hilo lisimpe wasiwasi. Mke wangu alikuwa amefariki miezi kumi na moja kabla, na tangu hapo sikukumbuka kama nimecheka. Nesi akaweka kalamu chini. Sikusema ili anihurumie. Alitaja kucheka, nikajibu.

Kitu kimoja tu kilinitia hofu. Daktari alisema ngozi isiposhika, wangelazimika kuvuta ya shavuni kuifikisha puani, na sura ingebadilika. Mimi si mzuri wa sura na sijawahi kujidai. Lakini ule ndio uso ambao mke wangu aliutazama kwa miaka ishirini na mitatu, na sikutaka kuamka siku moja nikiwa na uso ambao yeye hakuwahi kuuona.

Baada ya upasuaji shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Maple Grove kukaa nami hiyo wiki. Ni mtu wa amri. Alinipikia uji na viazi vya kuponda, akanipangia mito mitatu ili kichwa kiwe juu, akanilaza chali na mikono yangu kifuani ili nisijikune nikisinzia. Siku ya pili, nikiwa nimelala hivyo, kichwa kimezungushiwa bendeji, alinipiga picha na kuituma kwa watu wa kanisa waniombee.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa simlaumu. Aliituma kwenye kundi la simu ambalo tayari lilikuwa na watu wote, nalo ni lile la mazishi ya dada yake. Kundi hilo halikuwahi kufungwa. Kwetu mtu akijitoa kwenye kundi la mazishi huonekana kama anasema amemaliza kuomboleza, kwa hiyo hakuna aliyejitoa, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiingia humo kila jioni kusoma tena maneno ambayo watu walimwandikia. Juu yake kuna picha ya mshumaa unaowaka. Shemeji aliandika vizuri tu, akaomba watu waniombee. Lakini mtu akiona mshumaa, na chini ya mshumaa mwanamume aliyefumba macho na mikono kifuani, hasomi maneno.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Mchana nikasikia magari yakijipanga nje kwenye theluji. Wanawake waliingia na leso zimefungwa viunoni, vyungu vya pilau na chapati zilizofunikwa, wanaume wakiwa na makoti meusi. Walimkumbatia shemeji mmoja mmoja wakilia, naye akalia nao. Aliniambia baadaye alifikiri wanamlilia dada yake, kwa kuwa mwaka ulikuwa karibu kutimia. Na kwa watu wetu kuna heshima moja: kwenye nyumba ya msiba huulizi marehemu kapatwa na nini mpaka chai iwe imeandaliwa. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kitu. Kumtembelea mgonjwa na kwenda matangani ni chapati zilezile, viti vilevile na sauti zilezile za chini.

Mimi nilikuwa chumbani, mlango umerudishwa nusu. Nilisikia wimbo, nikaona ni vizuri, wamekuja kunitia moyo. Kisha mzee mmoja wa kanisa, anayekaa Oakdale na anayependa kushika maikrofoni hata pasipokuwa na maikrofoni, akasimama kuomba. Alimwomba Mungu anipokee, anifikishe alipo mke wangu, na awape nguvu niliowaacha.

Nilijigusa mkono. Ulikuwa na joto.

Ningepaswa kutoka wakati ule, lakini nitasema ukweli: nilitaka kusikia. Mzee akaeleza jinsi nilivyoimba kwaya kwa sauti iliyowagusa wengi. Mimi niko kwenye kwaya kwa sababu safu ya nyuma ilikosa mwanamume mrefu. Nafungua tu mdomo. Kisha akasimama jirani yangu, akasema kwa kilio kwamba mimi nilikuwa rafiki yake wa karibu na kwamba tulizoea kuondoa theluji pamoja. Tuliondoa theluji pamoja mara moja, na yeye alikuwa kwenye simu. Nilisubiri alitaje beleshi langu, ambalo liko gereji kwake majira ya baridi mawili sasa. Hakulitaja.

Halafu wakaanza kubishana. Mwanamume mmoja alisema nisafirishwe nyumbani, mtu mzima hazikwi mbali na boma lake. Mwingine akasema hapana, nilazwe hapa karibu na mke wangu. Wa kwanza akasema hapa ardhi imeganda, watalazimika kuichimba kwa mashine. Wa pili akauliza kwani mashine ina shida gani. Sauti zikapanda, na shemeji, ambaye wakati wote huo alikuwa jikoni akichemsha chai, akatokea na chupa mkononi.

"Mwili wa nani mnaouzungumzia?" akauliza.

 Mama mmoja mtu mzima akamshika bega, akamwambia polepole, kama mtu anayeongea na aliyechanganyikiwa kwa uchungu, kwamba ni mwili wa shemeji yake.

"Huyo?" shemeji akasema. "Huyo amekunywa uji saa sita."

Ni wakati huo nilipofungua mlango. Nilikuwa nimevaa shuka kiunoni na fulana, sponji imeshonewa puani kwa nyuzi nyeusi. Hakuna aliyepiga kelele. Jirani yangu alikaa chini taratibu, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, akakaa kwenye chapati. Mzee wa kanisa alikuwa bado ameinua mkono kwa ajili ya maombi, na nadhani hakujua aushushe wapi.

Nilihisi kitu tumboni. Mwanzoni sikukitambua, maana ni muda mrefu kilikuwa hakijafika.

Shemeji alikitambua kabla yangu. "Usicheke," akasema bila kuinua sauti. "Shemeji, ngozi."

Nikabana midomo. Nikajaribu kufikiria jambo la huzuni, na jambo la huzuni nililonalo ni moja. Nikamfikiria mke wangu. Lakini nilipomfikiria nikamwona amesimama pale pale, karibu na friji, ameshika ukuta, machozi yanamtoka kwa kucheka, kwa sababu yeye kicheko kikimshika alikuwa lazima ashike ukuta. Hilo halikunisaidia hata kidogo. Hata hivyo nilikuwa karibu kushinda. Ningeshinda, kama yule mzee asingeamua kuokoa hali.

Alishusha mkono, akakohoa. "Sasa ndugu," akaniambia kwa heshima zote, "kwa kuwa upo, wewe mwenyewe ungependa kuzikwa wapi?"

Nilicheka. Niliweka kiganja juu ya sponji kama anayeshikilia kifuniko cha sufuria inayofurika, nikaegemea mlango, nikazidi kucheka. Kisha nikahisi unyevu wa moto ukitembea chini ya sponji, karibu na shavu, na kicheko kikakatika chenyewe.

Watu waliogopa kuliko nilivyoogopa mimi. Walinirudisha kitandani, na kwa muda wote uliobaki hakuna aliyethubutu kusema neno lolote lenye ladha. Walikula pilau kimya, wakaimba nyimbo za huzuni kwa makusudi ili kunituliza, wakaondoka wakinyata. Jirani aliniomba radhi kwa chapati.

Siku nne zilizobaki nililala nikitazama dari. Sikuomba sana, nilihesabu tu kila kilichosisimka usoni na kujiuliza kama ni mshipa unaoingia au ngozi inayokufa. Shemeji hakunilaumu, jambo ambalo kwake ni ugonjwa, na lilinitia hofu zaidi.

Siku ya saba daktari alikata nyuzi na kuinua sponji. Ngozi ilikuwa ya zambarau. Nilifumba macho, lakini akasema hiyo ndiyo rangi anayoitaka. Aliibonyeza kwa kidole, akaitazama ikipauka na kurudia rangi yake, akamwita nesi naye aone. Damu ilikuwa ndani. Ila pembe moja, upande wa shavu, ukubwa wa punje ya mahindi, ilikuwa nyeusi na ngumu. Akaniuliza kilichotokea.

Nikamwambia nilicheka.

Aliuliza kwa muda gani. Nikasema labda dakika moja, labda zaidi. Aliuliza nilicheka nini, nami nikajaribu kumweleza kwa Kiingereza kwamba watu wa kanisani waliniuliza ninataka kuzikwa wapi. Hakucheka. Alimtazama nesi, nesi akaandika kitu, na kabla sijaondoka nikapewa karatasi yenye namba ya mshauri wa waliofiwa. Daktari akasema ile pembe nyeusi nisiibandue, itadondoka yenyewe, kidonda kitajifunga kutoka pembeni na kuacha kijishimo. Iliyobaki ni hai. Hakuna kitu kitakachovutwa.

Kwenye gari shemeji alishusha kile kioo kidogo cha mbele yangu, akanigeuza kidevu kushoto na kulia kama anayechagua papai sokoni. Nilimsubiri. Ndiye mtu pekee huku aliyekua na marehemu nyumba moja, na alijua ninachotaka kuuliza.

"Pua ni ile ile," akasema. "Wamekupaka tu rangi ya bilinganya." Akawasha gari, akakaa kidogo bila kuliondoa. "Dada angekujua. Angekucheka kwanza, halafu angekujua."

Nikamwomba aendeshe na anyamaze, kwa sababu daktari alikuwa ameniongezea wiki mbili.