Beki wa Barafuni Niliyejificha Naye Marshalltown

Mara ya kwanza alikuja na begi kubwa kama mtu anayehama. Nilikuwa nashona nguo kwenye chumba cha kupanga, chini ya jengo la zamani Marshalltown, katikati ya Johannesburg, ukuta mmoja na dada wa Kikongo aliyekuwa msusi. Nilidhani ni Mzungu aliyepotea. Akafungua begi, harufu ya jasho ikajaa chumba kizima, akatoa glavu nene zilizochanika viganjani.

"Fundi, hizi zinashoneka?"

"Za kazi gani?"

"Za hoki. Ya barafuni."

Nilicheka. Mimi ni mtu wa Tanga, barafu naijua ya kuhifadhia samaki. Lakini nilizishona kwa uzi wa viatu, na akawa mteja wangu. Nilimwita Kocha, kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Alifundisha timu ya vijana kwenye uwanja wa barafu uliokuwa ndani ya jengo la maduka.

Akisubiri glavu, alikaa kwenye stuli akanisimulia. Alizaliwa mji mdogo kaskazini mwa Uswidi, baba yake akipasua mbao kiwandani. Alikuwa beki kwa misimu kumi na minne. Kazi ya beki, alisema, ni kujitupa mbele ya kisahani cha mpira mgumu wanachokipiga kwa fimbo, kikugonge wewe kisiingie golini. Meno manne hayakuwa yake. Halafu goti likaharibika, akageukia ukocha, na mkewe alipopata kazi Johannesburg, akamfuata.

Nilimwonea wivu kwa ujasiri ule. Mimi miaka ile niliishi na hofu kama mtu anavyoishi na mpangaji mwenzake. Kila baada ya muda ujumbe ulizunguka kwenye simu: kesho wageni wasifungue maduka. Mara ulikuwa uongo, mara kweli. Mke wangu aliniaga mlangoni kwetu, mtaa wa La Rochelle, kwa maneno yale yale: "Kwenye teksi usiongee Kiswahili, baba."

Asubuhi moja ujumbe ulikuja tena. Nilifungua hivyo hivyo, kwa sababu Kocha alikuwa na mechi na glavu hazijaisha. Alifika saa nne. Nilikuwa kwenye kidole gumba cha mwisho mtaa uliponyamaza. Wachuuzi wa nje walikunja bidhaa zao bila kuambizana neno. Kisha nikasikia filimbi, nyimbo, na vioo vikivunjika.

"Funga mulango, kaka! Banakuya!" dada alipiga kelele kwa Kiswahili cha kwao.

Nilivuta mlango wa bati hadi chini, nikapiga kufuli kwa ndani. Nilipogeuka, Kocha alikuwa amesimama katikati ya chumba, glavu kazikumbatia kifuani, uso umekuwa kama unga.

"Kocha, njoo huku!"

Hakusogea. Nilimshika mkanda wa suruali nikamkokota hadi kijistoo cha nyuma nilikoweka vitambaa. Dada akaingia na mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa, kwa mlango wa ndani uliounganisha vyumba vyetu, akaukomea. Tukawa wanne mahali ambapo mtu mmoja hanyooshi miguu.

Saluni ya dada ilivunjwa kwanza. Tulisikia vioo vyake vikianguka kimoja kimoja. Kisha mawe yakagonga bati langu, na sauti ya mwanamume ikauliza kwa Kizulu kama humu kuna makwerekwere, lile jina la kutudharau sisi wageni. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi na kuchanganya mistari niliyoijua tangu utoto. Dada aliomba midomo ikicheza bila sauti. Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango.

"Fundi," Kocha alininong'oneza, "goti langu ni zima."

Nilidhani amechanganyikiwa.

"Sikuacha kucheza kwa sababu ya goti. Mwenzangu alipigwa na kisahani usoni, hatua moja kutoka kwangu, jicho likapotea. Baada ya hapo, kila fimbo ikiinuliwa, nilifumba macho na kujisogeza kidogo. Misimu miwili. Hakuna aliyejua ila golikipa wetu. Tulikua pamoja tangu utoto. Akaniuliza kwa nini nakipisha kisahani kimfikie. Kesho yake nikaenda kwa daktari kusingizia goti."

"Mimi pia naogopa, Kocha. Kila siku."

"Lakini wewe umenivuta."

"Nilikuvuta kwa sababu uliziba njia."

Dada alicheka, mara moja tu, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Tulibaki tumekodolea mlango macho, tukisubiri kuona kama wamesikia.

Hawakusikia. Ule moshi ulikuwa wa matairi barabarani, si wetu. Polisi walipofika adhuhuri, bati langu lilikuwa limebonyea lakini limeshika. Dada hakubakiwa na kitu, hata viti. Mwezi ule ule alirudi kwao Lubumbashi.

Sikufungua tena Marshalltown. Kocha ndiye aliyebeba cherehani yangu kwenye gari lake hadi La Rochelle, na kila tuliposimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, aliangalia kama milango imefungwa. Wiki iliyofuata alinipeleka uwanjani kwake. Nilisimama nyuma ya kioo nikitetemeka kwa baridi, naye akawakusanya vijana wake akawaambia yote, ya jicho na ya goti. Msichana aliyedaka golini akamuuliza, "Na sasa fimbo ikiinuliwa?"

"Nafumba macho," akajibu. "Bado."

Baba mmoja alimwondoa mwanawe kwenye timu. Wengine walibaki, na Kocha akawafundisha mpaka mkataba wa mkewe ulipokwisha wakarudi kwao.

Alinipigia simu akiwa huko. Alikuwa amempata golikipa wake wa zamani, wakakaa jikoni mchana mzima.

"Alikasirika?" niliuliza.

"Alisema alinisubiri nimwambie mwenyewe." Kisha akauliza, "Na wewe, Fundi?"

Nilimwambia ukweli: nashonea chumbani, nimeweka komeo la pili, na hata mchana nalifunga.