Kibwebwe Alichofungwa Balozi

Adérito alipopanda kutoka mjini hadi Água de Gato kuwaalika akina mama wa batuku, ngoma ya wanawake wa kisiwa cha Santiago, waje kumuaga balozi wa São Tomé, alimkuta Justiniana Tavares akikamua mbuzi. Justiniana hakuinuka.

"Baraka zako, Nha Niana," alisema Adérito, kama kila mtoto wa pale anavyomsalimu mama mtu mzima, ingawa sasa alivaa tai na kufanya kazi serikalini, ofisi ya itifaki.

"Mungu akubariki, mwanangu. Sema, mbuzi huyu hana subira."

"Wimbo mmoja tu, Nha. Wa furaha. Mnaingia, mnapiga, mnatoka. Hakuna kughani, hakuna kuongea na mgeni. Waziri atakuwepo."

"Kwa hiyo Dona Alcinda anaondoka kweli."

"Jumamosi."

"Haya. Tutakuja."

Adérito alizaliwa mikononi mwa Justiniana, nyumba ya tatu kutoka hapo. Alipaswa kuogopa alivyokubaliwa upesi hivyo. Lakini alikuwa na haraka, akashukuru, akashuka zake bondeni.

Mjini Praia watu walimjua Justiniana kama mama anayeuza jibini sokoni na asiyepunguza bei. Bondeni walimjua kama kiongozi wa batuku. Alikuwa na watoto Lisbon na Rotterdam waliomsihi kila Krismasi ahamie kwao, naye kila Krismasi aliwajibu kwamba nyumba yake haina miguu. Mumewe alipoondoka na mwanamke mwingine, alimfungia mzigo mwenyewe, akaufunga vizuri usije ukafunguka njiani. Hakuwa mtu wa kulia mlangoni.

Jambo moja tu lilimkaa kifuani tangu utoto, nalo lilikuwa ng'ambo ya bahari.

Justiniana alizaliwa São Tomé, kwenye shamba kubwa la kakao lililoitwa Boa Espera. Wazazi wake walipelekwa huko melini miaka ya njaa, pamoja na maelfu ya watu wa visiwa hivi, wakaambiwa ni mkataba. Ulikuwa mkataba wa mtu mwenye shibe na mtu anayekufa njaa. Mwenye kutaka kuuita kazi na auite. Baba yake alipomaliza miaka yake aliandikiwa meli ya kurudi. Siku hiyo mdogo wake Niana, Anselmo, alikuwa bado ananyonya na homa imemshika. Mama akabaki naye, aje na meli itakayofuata. Pale gatini upepo ulikuwa mkali. Mama akafungua kibwebwe chake, kitambaa kizito cheusi na cheupe kilichofumwa nyumbani Santiago, akamfunga bintiye kiunoni.

"Utanirudishia," alisema.

Meli iliyofuata haikumleta. Wala iliyofuata hiyo. Mama akazikwa Boa Espera. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja aliyefanya kazi São Tomé alirudi na habari kwamba Anselmo yu hai, mzee mwenye wajukuu, anaishi kwenye vyumba vilevile vya wafanyakazi, na anasema lugha ya Santiago kama aliyeondoka jana. Nchi ile ilimhesabu mtu wa huku. Nchi hii haikumhesabu kabisa.

Basi Dona Alcinda Quaresma alipofika kuwa balozi, akaja bondeni siku ya sikukuu na kula katxupa, mahindi na maharage ya kuchemsha, mezani kwa Justiniana, Justiniana alimweleza yote. Balozi aliweka kijiko chini, macho yakamlegea. "Mama, nitamtafuta. Hilo ni dogo."

Alisema kwa moyo. Kisha akaandika kwao, kwao wakamjibu kwamba wanalishughulikia, naye kila alipokutana na Justiniana alimwambia linashughulikiwa. Justiniana hakumchukia. Alielewa tu kwamba mtu mwema akikalia kiti laini muda mrefu, kiti humshinda nguvu. Na sasa mtu huyo mmoja aliyekuwa amelisikia jina la Anselmo kwa masikio yake alikuwa anaondoka.

Sherehe ilifanyika alasiri, kwenye bustani ya wizara. Palikuwa na divai, samaki wa kukaanga, na viti vyenye vitambaa vyeupe. Waziri alizungumza juu ya undugu wa nchi mbili za visiwa. Alitaja bahari, lugha, bendera, vyuo, mikutano. Balozi naye akajibu, akataja bahari tena. Hakuna aliyetaja meli. Undugu ule ulibebwa na watu waliolala chini ya sitaha, ukamwagiliwa kwa jasho chini ya mikakao ya wengine, na alasiri ile ulikuwa umeoshwa ukatakata kama glasi za divai. Waziri akamkabidhi balozi zawadi, chungu cha udongo ndani ya kisanduku cha kioo.

"Chungu ndani ya kioo," alinong'ona Maninha, mpigaji mkuu wa Justiniana, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika. "Hata maharage hakitapika."

"Nyamaza, twende."

Akina mama waliketi nusu duara, kila mmoja na furushi lake la nguo lililofungwa katikati ya mapaja, wakaanza kupiga. Mlio ulianza chini, polepole, ukapanda. Justiniana aliingia katikati na kibwebwe cha mama yake kiunoni. Mabega yake yalitulia kana kwamba amebeba ndoo ya maji kichwani, kiuno kikafanya kazi yake, na wageni wakaacha kutafuna. Adérito, kando ya mlango, alipumua. Wimbo mmoja, alijiambia. Unakaribia kuisha.

Ndipo Justiniana akafungua kibwebwe, akavuka majani ya bustani hadi kwenye safu ya kwanza, akamfunga Dona Alcinda kiunoni, juu ya suti yake ya rangi ya maziwa.

Katika batuku hilo halikataliwi. Ukifungwa, unacheza. Ukimaliza, unakifungua na kumrudishia mwenyewe kwa mkono wako. Hata watoto wanalijua hilo, na kule bondeni yupo bibi aliyeondoka na kibwebwe cha watu akiwa msichana, akaitwa Mchukuzi hadi leo.

Balozi aliinuka, uso umemwiva. Akajaribu.

"Kiuno kina kufuli hicho!" Maninha alipiga kelele. "Nani ana ufunguo?"

"Ameuacha ofisini!" akajibu mwingine.

Bustani nzima ikacheka, balozi mwenyewe akacheka, na kicheko kile kikamlegeza. Akavua viatu. Hakucheza vizuri, lakini alicheza kweli, jasho likamtoka, na akina mama wakampigia kwa nguvu wasiyompigia waziri yeyote. Alipochoka akafungua kile kitambaa, akakikunja kwa heshima na kumnyooshea Justiniana kwa mikono miwili.

Justiniana akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Mapigo yakakatika. Adérito akasogea hatua mbili. "Nha Niana, tafadhali..."

"Adérito, mwanangu, uliniambia nisighani. Sighani. Naongea." Akamgeukia balozi. "Dona, hicho ni cha mama yangu. Alinifunga gatini kwenu, akaniambia nitamrudishia, sikumrudishia. Ni deni langu, na sasa nimekufunga wewe. Sikipokei kwako. Nitakipokea kwa mkono wa Anselmo tu."

Waziri alikohoa. "Mama, balozi amemaliza muda wake. Mambo kama haya yana njia zake."

"Najua, mheshimiwa. Njia yake ilikuwa meli. Ya kwenda ilipatikana upesi sana."

Dona Alcinda alibaki na kitambaa mikononi. Justiniana hakuwa na kitu kingine cha mama yake duniani, hata picha, na kama mwanamke huyu angekitia kwenye kisanduku pamoja na chungu, basi mama angekuwa amekwenda mara ya pili. Lakini mikono yake hakuitoa mgongoni.

"Nilikwambia ni dogo," balozi alisema kwa sauti ya chini.

"Ulisema."

"Nilisema vibaya." Akakifunga kibwebwe tena kiunoni mwake, fundo mbele, akaketi hivyohivyo mpaka mwisho wa sherehe.

Habari ile ilifika kijijini kabla ya akina mama wenyewe. Kesho yake asubuhi mwanamke kutoka Tarrafal alisimama mlangoni pa ubalozi na kibwebwe cha kumpelekea dada yake aliyebaki São Tomé. Akaja mwingine kutoka Santa Catarina, mwingine kutoka Fogo aliyepanda boti. Ijumaa walinzi waliacha kuwauliza wanataka nini. Jumamosi Dona Alcinda alipanda ndege na sanduku zima la vibwebwe vya watu, na Adérito, aliyelibeba hadi kwenye mizani, alisimulia kwamba lilikuwa zito kuliko kile chungu na kioo chake.

"Mchukuzi mkubwa kuliko wote," alisema Maninha. "Asiporudisha, jina lake tunalo tayari."

Mvua zikaja, mahindi yakapandwa, yakavunwa. Justiniana hakukaa dirishani. Alicheza batuku na kipande cha kanga alichoazima, akauza jibini yake, na aliyemuuliza alimjibu, "Kinakuja." Usiku alipojifunika alitafuta kiunoni kwa mkono, kwa mazoea, kisha akalala.

Simu ililia siku ya soko. Sauti ilikuwa ya mzee, na ilisema kama mama yake.

"Wewe ndiye Niana?"

"Ndiye."

"Mimi Anselmo. Kuna mwanamke wa viatu vizuri alikuja huku, akanifunga kitambaa kiunoni mbele ya wajukuu wangu. Wamecheka mpaka sasa hawajanyamaza. Kila wiki anarudi, mara na karani, mara na mpiga picha, ananishughulikia nisafiri. Anasema nikilete mwenyewe. Ni wewe uliyefanya uhuni huu?"

Justiniana alilazimika kuketi juu ya gunia la mtu. "Ni mimi."

"Sasa sikiliza, dada. Siji kukaa. Nina wajukuu, nina nguruwe, nina mshelisheli wangu. Nakuja, nakurudishia kitambaa chako, nakula katxupa, naondoka. Tumeelewana?"

"Njoo kwanza."

Anselmo alishuka kwenye ndege uwanjani Praia mchana, jua kali, wa tatu katika kundi la wazee saba, kila mmoja na kibwebwe cha mtu begani. Alikuwa mfupi kuliko Justiniana alivyomwazia, na masikio ya baba yao. Alisimama mbele yake.

"Nilikilaza juu ya kaburi la mama mchana kutwa," alisema. "Nikamwambia, Niana amekurudishia. Halafu nikakiazima tena." Akakinyoosha kwa mikono miwili. "Haya. Pokea, nirudi kwa nguruwe wangu."

Justiniana alikitazama kile cheusi na cheupe, akamtazama ndugu yake, kisha taratibu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Niana!"

"Beba mwenyewe," alisema, akatangulia kuelekea mlangoni. "Katxupa iko motoni, na kutoka hapa mpaka nyumbani ni kupanda tu."