Mama Mkwe Alivyonitoa kwa Viboko

Hiki kisa nimekificha vya kutosha, na ningeendelea kukificha kama watu wa kanisa la Githongo hawangekuwa wanakisimulia kwa kila harusi, tena wakiongeza chumvi. Heri mkisikie kutoka kwangu mwenyewe, mcheke mmalize, na mtu asiniulize tena.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Kendi. Baba yake alishanikubali, lakini mama yake alisema hawezi kutoa neno juu ya mtu ambaye amemwona mara moja tu, tena akiwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano. Ni kweli niliinamisha. Kwetu Ruiri nililelewa na nyanya, naye alinifundisha kwamba mama wa msichana unayetaka kuoa hukaribiani naye: humgusi, huli mbele yake, na mkikutana njiani unampisha mbali. Kendi aliniambia mama yake ni mtu wa kanisa na mambo hayo ya zamani hana, lakini mimi nikajisemea, heshima haijawahi kumuua mtu. (Ngojeni.)

Basi akina mama wa kanisa wakapanga safari ya kushuka Mbeere, kwenye lile bwawa kubwa la mto Tana, wapande boti waone wanyama. Kendi akaniambia, "Kuja. Mama anataka akuone vizuri kabla wazee wenu wafike Jumamosi kuuliza siku ya harusi." Nikaazima suruali ya kitambaa ya kaka yangu, ambaye ni mnene kuliko mimi, nikakaza mshipi mpaka tundu la mwisho, nikaenda.

Boti ya asubuhi niliipita kwa ujanja, nilipoona Mama Kendi anaingia moja nikaingia nyingine, tukaona mamba wameanika migongo mchangani na furukombe akinyakua samaki, na mimi nikawa nasema haya ndiyo maisha. Chakula cha mchana nilikilia nyuma ya basi, mama asinione nikitafuna. Lakini tulipotaka kwenda kuona viboko, injini ya boti moja ikakataa kuwaka, ikabidi twende kwa zamu, na Kendi akanisukuma ndani ya boti ileile ya mama yake.

Nahodha alikuwa mwanaume mkali anayepanga watu kwa uzito. "Wewe boss, keti hapo katikati, muangaliane na huyu mama." Goti kwa goti! Nikaona hiyo haiwezekani. Kumwangalia ni makosa, kumpa mgongo ni madharau, kwa hivyo nikapanda nikaketi juu ya ukingo wa boti, uso kando, nikijifanya ndege wamenivutia sana. Huo ndio uamuzi ulioniponza.

"Boss, rudi katikati, boti inalala!"

"Niko sawa tu, nahesabu ndege."

Hapo viboko wakaibuka karibu nasi, masikio kwanza, kisha mmoja akafungua mdomo wote, akina mama wakapiga kelele na kuegemea upande wangu ili waone, na boti ikalala kweli. Mimi nikaenda kinyumenyume, miguu juu, chubwi!

Lile jaketi la kuelea la rangi ya machungwa walilotuvisha liliniinua, maji yamejaa puani. (Kiboko ukimwona ukiwa ndani ya maji yake ni mkubwa kuliko jikoni kwenu.) Nahodha alikuwa nyuma akishikilia injini na hawezi kuiacha. Aliyekuwa karibu nami ni mtu mmoja tu, na mtu huyo akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Shika mkono yangu!" akasema Mama Kendi.

Na mimi, viboko wakikoroma nyuma yangu, mnajua nilijibu nini? Nilisema, "Asante mama, wacha ningoje nahodha."

"Ungoje nini? Shika mkono, wewe!"

"Si vizuri, mama. Sitaki kukukosea heshima."

Kendi alikuwa analia, "Murithi, shika mkono ya mama!" na mimi bado nazungusha macho nikitafuta mkono wa mtu mwingine yeyote. Mama Kendi hakuniomba tena. Aliinama akanikamata mshipi kwa nyuma, na mikono yake imechuma kahawa miaka yote, akavuta. Niliingia kwenye boti kichwa kwanza, lakini suruali ya kaka haikuingia na mimi, ilishuka mpaka vifundoni, na boksa niliyovaa siku hiyo (nilijiambia, kwani nani ataiona?) ilikuwa na tundu ambalo sitasema lilikuwa wapi. Mama mmoja aliyekuwa ameanza kuomba kwa sauti akasahau ombi limefika wapi. Mama Kendi akavua leso yake, akanitupia akiangalia mbali, ndipo wale wengine wakaangua kicheko mpaka nahodha akawakemea. Yeye peke yake hakucheka.

Ndani ya basi, kutoka Ishiara hadi Githongo, nililala usingizi wa uongo.

Kesho yake Kendi alikuja, nikaanza kuomba msamaha kwa ajili ya suruali, akanikatiza.

"Mama hata hajataja suruali. Ameniuliza kitu moja tu. Kama huyu anaona heri aliwe kuliko kushika mkono yangu, siku wewe na watoto mko kwa shida, atawaokoa ama atasimama kuuliza kama ni vizuri? Amesema wazee wenu wangoje kwanza."

Jumamosi wazee wetu waliambiwa wasije, na ni mimi niliyezunguka kwa wajomba mmoja mmoja kuwaeleza sababu, nao hawakucheka hata kidogo. Kendi nilimwoa, lakini baada ya msimu mwingine mzima wa kahawa, mama yake alipoamua mwenyewe. Hadi leo nikisikia sauti yake mlangoni natamani kuingia chini ya kitanda. Ila nimeapa: nikiwa majini na mtu aninyooshee mkono, awe nani awe nani, nitaushika kwanza, heshima nitaitafuta nikishakauka.