Laptopu Iliyolia Kama Korosho

Chaka-chaka. Tangu utotoni Chilangala, Bi Stamili aliijua korosho iliyokauka vizuri kwa mlio huo, akiitikisa sikioni.

Basi mjini Masasi, alipoonyeshwa laptopu ya bei rahisi kwa ajili ya masomo ya bintiye Pili chuoni, aliiinua akaitikisa. Chaka-chaka.

“Mama, hiyo si korosho!” muuzaji alicheka.

“Mwanangu, mzigo mzuri naujua.” Akalipa fedha yote ya korosho za msimu ule.

Nyumbani Pili alibonyeza kitufe cha kuiwashia mpaka kidole kikamuuma. Kioo kilibaki cheusi. Kumbe kilichokuwa kikilia ni kipande kilichokatika ndani. Waliporudi mjini, meza ya muuzaji haikuwepo.

“Mama, hukumwambia aiwashe kwanza?” Pili aliuliza.

Bi Stamili aliipakata, asijue pa kuipeleka.

“Ililia vizuri,” alisema, kwa sauti ndogo kabisa.